Mbona kadi ina mchanga? Kasoro za mihuri ya maua na embosi, na dawa zake

"Dada, mbona hizi kadi zina mchanga?"

Mteja alikuwa ameshika kadi moja kati ya 80 za send-off ya binti yake, anaigeuzageuza mbele ya dirisha. Shada la asumini la dhahabu lilikuwa limetoka vizuri, petali zimeinuka, ukipitisha kidole unazisikia. Lakini kulizunguka, kwenye ile sehemu nyeupe iliyotakiwa kubaki safi, kulikuwa na vitone vya dhahabu vidogo kama vumbi la msumeno. Haukuwa mchanga. Ulikuwa unga wa embosi ulionata usipotakiwa, ukayeyuka na kukaa hapo moja kwa moja.

Kilichoniuma ni kwamba mhuri ule ule, unga ule ule na wino ule ule kwa kawaida vilinipa kadi safi nilipokuwa Arusha. Nilihamia Tanga mwezi wa tatu, masika ndiyo yanaanza, nikaendelea kufanya kazi vilevile kama nilivyozoea. Kadi zile 80 niliziokoa kwa mkasi: nilikata kila shada kwa kulizunguka, nikayabandika kwenye kadi mpya usiku kucha. Mteja alizipenda kuliko zile za mwanzo. Lakini sikutaka kurudia usiku ule.

Tangu hapo, kadi ikiharibika sianzi kulaumu mhuri. Naangalia kwanza karatasi na hewa ya chumba, halafu wino, halafu joto, na mwisho mkono wangu. Wengi wanaoniuliza huwa wameshanunua mhuri wa pili kabla hawajaishika karatasi yao kuona kama ina unyevu.

Kwa aliye mgeni: embosi ya joto ni pale unapopiga mhuri kwa wino unaochelewa kukauka, ukaunyunyizia unga laini wa plastiki, ukakung'uta uliozidi, kisha ukapuliza joto mpaka unga uyeyuke na kuvimba juu ya karatasi. Embosi kavu haina wino wala unga. Unaisukuma karatasi kwa kalamu butu ndani ya kiolezo, yaani kipande kigumu kilichokatwa tundu lenye umbo la ua, mpaka ua livimbe upande wa pili. Kasoro zake ni tofauti, nitazifikia.

Unga umenata kila mahali

Hii ndiyo kasoro inayoleta vilio vingi, na ina visababishi vinne vinavyofanana kwa macho. Vitofautishe kwa kuangalia vitone vimekaaje.

Vikiwa vimetapakaa sawasawa kadi nzima, karatasi yako ina unyevu. Pwani wakati wa mvua karatasi hunywa hewa ya nje hata ikiwa kabatini. Jaribu hivi: chukua kadi tupu ambayo hujaipiga mhuri, imwagie unga, ikung'ute. Unga ukibaki, jibu umeshalipata kabla hujapoteza wino. Dawa ni kuipuliza karatasi joto kwa sekunde tano hadi kumi, ikae dakika moja ipoe, ndipo upige mhuri. Bunda lenyewe nalihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vidogo vya chembe nyeupe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usivitupe.

Vikiwa vimejipanga kama nywele, vingine vimesimama, au unga unaruka kufuata kidole chako, huo ni umeme tuli. Huu ulikuwa ugonjwa wangu wa Arusha miezi ya kiangazi, hasa kwenye karatasi iliyotoka kusuguliwa na kifutio. Chukua kitambaa cha pamba, weka vijiko viwili vya poda ya mtoto, funga kwa uzi uwe kama kitunguu, kisha kipitishe kadi nzima kabla ya kupiga mhuri. Poda inakausha unyevu mdogo na kuuzima umeme huo. Kijifuko kimoja kinatosha mwaka. Ila usikisugue kwa nguvu: poda ikizidi, wino nao hautashika, utapata ua lenye mabaka.

Vikiwa pembeni na kwenye kona tu, ni mikono yako. Mafuta ya kupaka, jasho, andazi ulilokula dakika tano zilizopita. Nimewahi kuona dole gumba langu limetoka kwa dhahabu kwenye kona ya kadi, mistari yote inahesabika, kama vile nilikwenda kuandikishwa kitambulisho. Nawa kwa sabuni, kausha, shika kadi kwa kingo.

Na kama vitone ni vya rangi nyingine, mathalani dhahabu ndani ya ua jeupe, unga umechanganyika koponi. Kila rangi iwe na karatasi yake ya kukung'utia. Kikopo cheupe kikishaingia dhahabu hakisafishiki. Kipe jina jipya, kitumie kwa kadi za sikukuu.

Kabla hujawasha joto, ipeleke kadi kwenye mwanga, iinamishe, uondoe chembe zilizopotea kwa brashi ndogo ya rangi iliyo kavu. Dakika hiyo moja ndiyo niliyoiruka kwa zile kadi 80. Unga ambao haujayeyuka unaondoka kwa pumzi tu. Ukishayeyuka ni wembe, na wembe unaacha kovu. Kama vitone ni vichache na vimekaa karibu na ua, mimi huongeza vingine kwa makusudi kwa kalamu ya dhahabu, vionekane chavua.

Neno kuhusu feni. Chumba cha Tanga bila feni hakikaliki, na feni ikiwaka unga wote uko ukutani. Nimeshindwa kupata njia ya katikati. Nazima feni, nafanya kadi kumi, nawasha, nakunywa maji. Dirisha liache wazi upande usio na upepo, maana unga ukiyeyuka unatoa harufu na si kitu cha kuvuta kifuani.

Unga hautaki kushika kwenye ua lenyewe

Hapa mshtakiwa ni wino. Pedi za kawaida za stesheneri, zile za mihuri ya ofisini, mara nyingi wino wake hukauka upesi au hunywewa na karatasi. Ukifika na kijiko cha unga umeshachelewa. Kinachotakiwa ni wino mzito wa rangi usiozama haraka, au ule usio na rangi uliotengenezwa kwa kazi hii, unaobaki na ulowevu kwa dakika kadhaa. Kama huna, pakaza tone la gliserini ya duka la dawa juu ya pedi yako ya kawaida na uiache usiku mmoja. Inasaidia, ingawa kingo za ua hazitakuwa kali.

Unga ukishika katikati ya petali lakini si kwenye mistari myembamba, mistari imekauka kwanza. Punguza mwendo kati ya mhuri na unga. Mimi kikopo nakiacha wazi kabla sijagusa pedi.

Kosa jingine linalofichika ni mpangilio wa kazi. Kama kadi ina majani ya rangi ya wino wa kawaida pamoja na ua la embosi, piga majani kwanza, yakauke kabisa, pitisha kijifuko cha poda, ndipo upige ua. Ukianza na ua, au majani yakiwa bado na ubichi, unga utayashika nayo na utapata majani ya dhahabu usiyoyaagiza.

Ua limetoka nusu

Mhuri mpya wa raba au wa plastiki inayopitisha mwanga huja na utando wa kiwandani unaosukuma wino. Ukiuangalia kwa karibu, wino unajikusanya matonetone juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Sugua uso wa mhuri taratibu kwa kifutio cha penseli, au upige mara kadhaa kwenye karatasi chakavu. Hakuna haja ya spiriti. Mihuri ya plastiki ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, na usiianike juani, itageuka njano na kukakamaa.

Ikiwa pengo linarudi mahali palepale kila mara, geuza mhuri nusu duara upige tena. Pengo likihama pamoja na mhuri, tatizo liko kwenye mhuri. Likibaki upande uleule wa meza, basi meza yako ina bonde. Kwa fundi aliyeanza, hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Weka chini ya kadi kitu chenye kunepa kidogo: daftari jembamba, au ile padi ya kuwekea mausi ya kompyuta iliyogeuzwa kichwa chini.

Kuna wanaochonga mihuri yao wenyewe, nami ni mmoja wao. Raba ya shule inatosha ua moja la asumini. Soli ya ndala iliyochakaa inatoa waridi kubwa lenye roho ya kipekee, ila ina vitundu, kwa hiyo usitegemee mistari myembamba kutoka kwake. Mhuri wa kuchonga ukiacha alama zisizotakiwa kuzunguka ua, hujachimba kina cha kutosha: wino unafika mabondeni. Chimba milimita mbili hadi tatu, kata na kingo zote zisizo na kazi. Na ukichonga maandishi, chonga kinyume. Nina raba nzuri sana nyumbani inayosema AREGNOH.

Karatasi za kutengenezwa kwa mkono, zile za nyuzi za migomba wanazozipenda watalii, zina milima na mabonde. Hata ukilalia mhuri kwa kiwiko hautajaza. Piga ua kwenye karatasi laini, likate, libandike juu ya hiyo ya migomba. Sura ya nyuzi inabaki na ua linabaki zima.

Ukingo ukiwa na kivuli, kama ua lina pacha nyuma yake, uliutikisa mhuri. Bonyeza wima, hesabu tatu, inua wima. Mhuri mkubwa usiuinue kwa kuanzia upande mmoja kama unafungua sufuria.

Dhahabu imekuwa chembechembe, au imefubaa

Hizi ni kasoro mbili zenye kinyume chake, na watu huzitibu kwa dawa moja.

Chembechembe, kama ngozi ya chungwa, maana yake joto halikutosha. Ukiyeyusha vizuri utaona kitu ambacho mpaka leo kinanifanya nisimame: unga mkavu uliofifia unageuka ghafla kuwa kioo, na ule ung'aavu unatambaa petali hadi petali kufuata mkono wako. Sehemu ambayo hukuiona ikigeuka, haijayeyuka. Rudi nayo.

Draya ya nywele haifai. Inapuliza upepo mwingi na joto dogo, inaupeperusha unga kabla haujaanza kulainika. Bloa ya joto ya ufundi, hata ile ndogo ya mafundi simu, inafanya kazi, mradi uiwashe kwanza pembeni kwa sekunde kumi na tano ipate moto, ndipo uielekeze kwenye kadi kwa umbali wa sentimita nne au tano, ikitembea muda wote.

Huna bloa? Pasi. Iweke kwenye joto la pamba, igeuze uso juu, ishikilie imara au iegemeze palipo salama, kisha ishushe kadi juu yake ua likitazama juu, bila kukandamiza. Joto linatoka nyuma ya karatasi, unga haupeperuki. Jiko la mkaa nalo linayeyusha, lakini majivu yanapanda na kujizika ndani ya dhahabu yako. Nilijaribu mara moja.

Kufubaa ni kinyume: umechoma. Unga ukipikwa kupita kiasi unazama ndani ya karatasi, kingo zinaota doa kama la mafuta, mng'ao unapotea na mwinuko unalala. Hakuna kurudi kamili. Unaweza kupiga wino tena kwa mhuri uleule mahali palepale ukiwa na mkono thabiti, ukaweka unga wa pili. Mara nyingi mimi huitupa.

Zipo pia unga za ukubwa tofauti wa chembe, na hili wauzaji hawalisemi. Niligundua nilipochonga lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara ambalo dunia nzima inalifuga dirishani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa huku Tanga, alituma mbegu zake Ujerumani, na wataalamu wakalipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Majani yake yana manyoya mafupi, na mimi kwa kiburi cha uchongaji niliyachonga manyoya yote. Unga wangu wa kawaida uliyaziba yote, jani likatoka kama tone la lami. Kwa mistari ya namna hiyo tafuta unga wa chembe ndogo kabisa, ambao ukiusugua kati ya vidole unakuwa kama poda ya uso. Ule wa kawaida unakwaruza kidogo kama chumvi ya mezani, nao unafaa waridi, hibiskasi na kila kitu kinene. Usipoupata mdogo, punguza manyoya.

Kadi imejikunja

Joto limekausha upande mmoja tu, nyuzi zikavuta. Geuza kadi, ipulize kidogo kwa nyuma, kisha ilaze chini ya vitabu ikiwa imepoa. Ikiwa bado ya moto itagandana na kitabu.

Kinga ni uzito wa karatasi. Manila nyepesi hujikunja hata kwa kuitazama. Kwa embosi ya joto natumia gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Mwambie muuzaji namba hiyo, usimwambie "ngumu ngumu", kila mmoja ana ugumu wake.

Rangi inavuja nje ya mistari

Ulipiga ua kwa wino wa maji kisha ukalipaka rangi ya maji. Mistari nayo iliyeyuka. Piga ua kwa wino mzito, weka unga usio na rangi, yeyusha: sasa kila petali ina ukuta, na rangi ya maji inasimama ukutani. Kuta zisipozuia, kuna mapengo kwenye mstari, rudi kule juu kwenye ua lililotoka nusu.

Embosi kavu: karatasi inapasuka, au ua halionekani

Kupasuka kunatokana na karatasi nene au kavu mno, au kalamu yenye ncha kali. Hapa hesabu ya uzito inageuka: kwa mkono, gramu 160 hadi 200 zinatosha, zaidi ya hapo utapata malengelenge ya kidole. Ifukize karatasi kwa mvuke wa birika kwa mbali, sekunde mbili tatu, ilainike bila kulowa. Ndiyo, unyevu niliokuwa naulaani huku unakuwa rafiki kule. Wakati wa masika embosi kavu ninaifanya bila birika.

Violezo nakata kwenye filamu za zamani za eksirei au vifuniko vya ndoo za aisikrimu. Bandika kiolezo kwenye kioo cha dirisha, karatasi juu yake ikiwa imegeuzwa, uone kivuli cha ua, kisha fuata kingo za ndani kwa kalamu iliyokwisha wino. Kalamu ikikwama na kuchubua, isugue ncha yake kwenye mshumaa, uifute. Pita mara ya kwanza kwa mkono mwepesi, ya pili kwa nguvu. Wanaobana tangu mara ya kwanza ndio wanaopasua.

Ua lisipoonekana, kagua upande. Unasukuma kwa nyuma ili livimbe mbele. Halafu angalia mwanga: embosi kavu nyeupe juu ya nyeupe haionekani chini ya taa iliyo juu ya kichwa, inahitaji mwanga wa pembeni. Nimewahi kuifanyia kadi moja kazi mara tatu nikidhani imegoma, kumbe ni taa.

Mkunjo umechanika, dhahabu inabanduka

Karatasi nene ina upande wa nyuzi. Ipinde polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana; inapopinda kwa urahisi ndipo mkunjo wako unapotakiwa kulala. Chora mkunjo kwa kalamu butu na rula kabla ya kukunja. Ua lisivuke mstari huo. Plastiki iliyoyeyuka haipindi, inapasuka na kudondoka magamba. Gundi ya karatasi nayo haishiki juu ya embosi. Ukitaka kubandika utepe au kipepeo, acha nafasi tupu chini yake.

Kadi zimegandana kwenye bahasha

Wino mzito usiowekwa unga, hasa kwenye karatasi ya kung'aa, unaweza kubaki mbichi kwa siku kadhaa huku ukionekana mkavu. Ugusie joto kidogo, au acha kadi zilale wazi usiku mzima, masika siku mbili. Zipange zikitenganishwa na karatasi nyembamba. A4 ukiikata katikati na kukunja nusu inakupa kadi ya milimita 105 kwa 148, ambayo huingia kwenye bahasha ya C6 ya milimita 114 kwa 162; lakini ukiongeza waridi la kubandika lenye tabaka mbili, nafasi inakwisha na bahasha inalikandamiza. Pima kwa kadi iliyokamilika kabla hujanunua bahasha 80.